Kutu Niliyoisugua kwa Mchanga

Juzi mjukuu wangu alileta nyumbani injini ndogo ya pampu ya maji aliyoinunua kwa mtu. Aliifungulia uani, juu ya gunia, nami nikakaa kwenye kiti changu nikimtazama. Alipotoa kichwa cha injini akasonya. "Babu, imekwisha hii. Ina kutu ndani." Niliinuka nikachungulia. Kwenye ukuta wa silinda kulikuwa na wekundu mwepesi, kama vumbi la barabara lililotua juu ya meza. Nikamwambia atafute kitambaa safi, akichovye kwenye mafuta ya taa, afute polepole, na asitie kitu kingine chochote. Akafuta. Kitambaa kilitoka chekundu, chuma kikabaki cha kijivu na kizima. Kazi yenyewe haikufika muda wa kuchemsha chai.

"Kumbe babu ni fundi na hatuambiwi," alisema akicheka. "Ulijifunzia wapi?"

Nilimjibu kwamba nilifundishwa na mtu mmoja wa Nyakahura, nikaishia hapo. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imenikaa kooni. Niliingia ndani nikamwambia naenda kujinyoosha mgongo, lakini nilikaa tu ukingoni mwa kitanda hadi wakaniita kula. Yule mtu wa Nyakahura amekwisha kufa, baba yangu amekwisha kufa, na mama pia. Aliyebaki anayejua ni mimi. Kwa hiyo nitaandika.

Sisi ni watu wa Kanazi. Baba alikuwa mkulima kama majirani zake, mwenye migomba, maharage na mahindi kidogo, lakini alikuwa na kichwa kigumu cha kutaka jambo ambalo wengine hawana. Aliuza ng'ombe alioachiwa na babu, wote isipokuwa jike mmoja wa maziwa, akanunua mashine ya kusaga. Ndugu zake walimwambia amepagawa. Kisha mashine ikafika, na kabla ya mwezi kuisha ndugu haohao walikuwa wakimsalimia mbele za watu kwa jina la Bwana Mashine.

Injini yake ilikuwa ya silinda moja tu, na gurudumu la chuma lililonifika kifuani. Kando yake kulikuwa na pipa la maji ya kuipoza. Ikiwashwa, mlio wake ulivuka bonde, na wanawake wa kilima cha pili walikuwa wakijua kwamba leo kunasagwa, wanajitwisha mahindi na mihogo mikavu wanakuja. Mimi nilidhani ile injini ni kiumbe. Niliona inakunywa maji, inakula mafuta, inatoa moshi kwa bomba kama babu zetu wanavyotoa moshi kwa kiko. Kwa hiyo ilipoanza kutoa moshi mwingi wa bluu na kushindwa kuzungusha jiwe, nilihuzunika nikijua imezeeka, na nikawa naipitia asubuhi kuigusa ubavuni kama mtu anayemjulia hali mgonjwa.

Baba hakuwa na dhana hizo. Alikwenda Nyakahura siku ya soko akarudi na fundi.

Aliitwa Fundi Idi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyofifia, na sanduku la chuma la spana alilolibeba begani kana kwamba lina manyoya ndani. Kwetu Kanazi, nyumba zote za jirani zilikuwa za Wakatoliki, na Mwislamu wa kulala kwetu tulikuwa hatujampata. Mama alihangaika siku ya kwanza, hajui ampikie nini na kwa chungu gani. Fundi mwenyewe ndiye aliyemaliza shida. Alisema, "Mama, nipe huyo jogoo nimchinje mimi, halafu tule wote, hata padri akija ale." Mama akacheka hadi akafunika mdomo kwa kanga. Tangu siku hiyo kuku wa nyumba yetu wakawa wanachinjwa na Fundi Idi.

Alifungua injini taratibu, na kila alichokitoa alikilaza juu ya gunia kwa mpangilio, cha kwanza mkono wa kushoto, cha mwisho mkono wa kulia. Alinieleza kila kitu kama anavyomweleza mtu mzima. Baba alikuwa akinituma tu. Fundi alikuwa akiniuliza naonaje. Alinionyesha ringi za pistoni zilivyolika, nyembamba kama wembe. Kisha akaniinamisha nichungulie slivu, lile bomba nene la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka.

"Unaona nini?"

"Naona giza."

Akawasha kibiriti akakishusha ndani. "Sasa?"

Niliona mistari myembamba sana, ikipishana huku na huku kama ususi wa ungo. Nikamwambia silinda imekwaruzika.

"Hapana, kijana. Hiyo imechorwa makusudi kiwandani. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili. Silinda ikiwa laini kama kioo, oili haikai, na injini inakufa. Slivu ya baba yako bado nzima kabisa. Tatizo ni ringi."

Ringi zilikuwa hazipatikani popote karibu. Ilibidi aende Mwanza, na ulikuwa msimu wa mvua, barabara ya wakati ule mnaikumbuka. Kabla ya kuondoka alinipa kopo la oili safi na unyoya mrefu wa yule jogoo. Kila asubuhi, kabla ya shule, nichovye unyoya, nipake ukuta wote wa silinda, kisha nifunike kwa kitambaa. "Chuma kikiwa uchi kwenye ukungu huu wenu," alisema, "kinashika kutu kama mtoto anavyoshika mafua. Ukiona wekundu usifanye kitu. Nisubiri mimi." Akanipa mkono, kama wanaume wanavyoagana. Nilikuwa darasa la sita.

Nilipaka siku ya kwanza, ya pili, na nadhani hata ya nane. Hapa ndipo baiskeli za mti zinapoingia.

Aliyekulia milima yetu ya Ngara anazijua. Magurudumu ya mti, mhimili wa mti, usukani wa mti, unapanda nazo kilima kwa miguu, unashuka nazo kwa kumwomba Mungu. Mti ukisuguana na mti unalia, unashika joto, baiskeli inapunguza mwendo. Tulikuwa tukipaka mhimili maganda ya ndizi. Siku moja nilipaka wangu ile oili. Nilishuka kimya kimya, nikampita Deo, mtoto wa balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye hakuwahi kupitwa na mtu.

"Umeweka dawa gani?" aliniuliza.

"Ya mashine."

"Nipake na mimi."

Nikampaka. Kesho yake walikuwa wanne wakinisubiri njiani. Kesho kutwa sikuhesabu. Waliniita Bwana Mafuta, na sikuwahi kuitwa bwana wa kitu chochote maishani mwangu. Walikuwa wakinipisha nishuke wa kwanza. Nilikuwa nikijiambia kopo ni kubwa, na silinda haihitaji oili nyingi kiasi kile kila siku, na kesho nitapaka mara mbili. Kopo lilipokwisha nilijiambia kwamba fundi atarudi kesho. Hakurudi kesho. Mvua ilikatiza barabara, na ukungu wa Kanazi ukawa unaingia kwenye kibanda cha mashine asubuhi na kukaa humo hadi jua lipande.

Jumamosi moja niliinua kile kitambaa. Ukuta wa silinda ulikuwa mwekundu wote. Niligusa kwa kidole, kidole kikatoka na rangi. Nilichoona mimi ni kwamba injini inaoza. Nilijua baba atanichapa, lakini hilo nililizoea. Kilichonikaba ni kwamba Fundi Idi, aliyenipa mkono, atainua kitambaa kilekile aone kazi yangu.

Baba alikuwa shambani na mama alikuwa amekwenda kumjulia hali dada yake. Nikafikiri: kitu cha chuma kikichafuka nyumbani kwetu tunafanyaje? Sufuria zetu zilikuwa za kusuguliwa kwa majivu na mchanga, hadi uone uso wako. Mtoto wa kike aliyerudi kutoka mtoni na sufuria isiyong'aa alikuwa anarudishwa. Mimi sikuwa mtoto wa kike, lakini nilikuwa nimetazama vya kutosha. Nilichota majivu jikoni, nikachota mchanga mlaini chini ya mfereji, nikachukua gunzi la mahindi, nikamwagia maji, nikasugua. Nilisugua juu chini, juu chini, mpaka bega likauma. Wekundu ulitoka. Lakini sikuacha, kwa sababu chuma kilianza kung'aa, na kadiri kilivyong'aa ndivyo hofu ilivyoniondoka. Nilibadilisha magunzi. Nikasuuza, nikakausha kwa kipande cha kanga kuukuu cha mama, nikapaka samli kidogo kwa kuwa oili ilikuwa imekwisha. Nilipochungulia kwa kibiriti nilijiona mle ndani. Ndiyo, nilijua aliyoyasema fundi kuhusu kioo. Lakini maneno ya fundi niliyasikia mara moja, na sufuria za mama nimeziona kila siku tangu nizaliwe. Nilifunika kitambaa nikaenda kucheza. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi nikilikumbuka.

Fundi Idi aliingia Jumatano mchana, viatu vimejaa tope, mfuko begani, ringi zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta ndani ya shati. Alimsalimia mama, akanywa maji, akaenda moja kwa moja kibandani. Nilimfuata. Aliinua kitambaa. Aliingiza mkono, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukuta wa silinda kwa upana, na nikasikia ukucha ukigongagonga, tk, tk, tk, kwenye mikwaruzo.

"Nani amesugua hapa?"

"Sijui."

"Kulikuwa na kutu?"

Hakungoja jibu. Akachukua pini ya pistoni iliyokuwa juu ya gunia, ambayo nayo ilikuwa imepata wekundu wakati ule ule. Alichovya tambara kwenye mafuta ya taa, akaifuta mara mbili, akanipa mkononi. Ilikuwa safi.

"Umeona? Kutu nyepesi ni hiyo. Haina lolote. Hata ungeiacha mwezi mzima, ningeifuta tu hivi." Alichuchumaa ili macho yetu yalingane. "Lakini mchanga, kijana. Mchanga umekula ile mistari, na umelima mingine ya kwako, ya kusimama. Oili itapanda humo, moshi utatoka. Slivu hii haifai tena."

Sikulia. Nilitazama viatu vyake.

"Mwambie baba yako leo jioni akirudi. Mimi nitakuwa nimesimama karibu yako. Atakasirika, lakini tutampoza, tutatafuta slivu nyingine. Sawa?"

"Sawa, fundi."

Baba alirudi. Sikusema. Fundi alinitazama mara mbili kwenye chakula, na nilikuwa nikikaza macho kwenye bakuli la maharage. Alhamisi ikapita. Ijumaa nilijifanya naumwa tumbo. Nilijidanganya kwamba kwa kuwa bado anazungumza nami kwa upole, amenisamehe na jambo limekwisha. Sikujua kwamba alikuwa akinipa muda. Mtoto hajui kutofautisha msamaha na subira, na hata sasa nina wasiwasi kama watu wazima wanajua.

Jumamosi fundi hakuweza kungoja zaidi, kwa kuwa baba alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu kunasagwa. Walikuwa kibandani, nami nikaitwa.

"Fundi anasema slivu imeharibika," baba alisema. "Anasema imesuguliwa kwa mchanga yeye akiwa safarini. Wewe ndiye uliyekuwa unaitunza. Uliisugua?"

"Hapana, baba. Nilikuwa napaka oili tu, kila asubuhi, kama alivyoniambia."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Lete kopo."

Nilileta. Baba akalipindua. Halikutoa hata tone. Alilitazama lile kopo, akanitazama mimi, na uso wake ukalainika kwa namna ambayo sikuizoea. "Fundi," akasema, "ulimwachia kopo limejaa. Limekwisha. Mtoto amepaka."

Fundi Idi akafumba macho kidogo. Nadhani pale ndipo alipoelewa oili ilikokwenda, au angalau alielewa kwamba mimi ni mtu wa namna gani.

Baba aliinama tena juu ya silinda, akawasha kibiriti, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na sauti nyingine. "Slivu yangu ilikuwa nyeusi nyeusi, imezoea kazi. Hii inang'aa. Hii si slivu yangu."

"Mzee, ni yako. Imesuguliwa."

"Umeitoa yangu nzima, ukaniwekea gofu la Mwanza. Umekuja na mfuko, mimi sikuufungua, nilikuheshimu."

"Mzee, nakuomba. Muulize mtoto tena, taratibu."

"Mtoto nimemuuliza," baba alisema. "Huyu hanidanganyi."

Jumapili baada ya misa walikusanyika uani kwetu. Balozi alikuja, na wazee watatu, na mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati pamoja na mirija yake. Kwetu ugomvi ulikuwa unaisha hivyo. Mwenye kosa anakiri, analeta pombe, mkosaji na mkosewa wanaingiza mirija kwenye mtungi mmoja, na kuanzia hapo atakayelitaja jambo lile ndiye mwenye kosa jipya. Baba alikuwa ametoa pombe yake mwenyewe ili kumrahisishia. Alitaka fundi akiri, warudiane. Naamini hivyo. Baba hakuwa mtu mbaya.

"Fundi," balozi alianza kwa Kiswahili chake cha mikutano, "sisi hatuna maneno marefu. Sema silinda ya mwenzako iko wapi, vuta mrija, kesho uilete. Hakuna polisi hapa."

"Sina silinda ya kuleta, balozi. Na pombe sinywi, mnanijua."

"Hata kidogo tu ya kulowesha mdomo?" mzee mmoja alisema. "Mungu wenu hatazami Kanazi, kuna ukungu."

Walicheka. Kisha wakaendelea kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, haraka haraka, na kicheko kikarudi mara ya pili, cha chini zaidi. Yule mzee alikuwa akisema kwamba mtu anayekataa mrija ana kitu tumboni. Fundi Idi alikuwa Msubi, na lugha zile ni ndugu. Bila shaka alisikia. Alikaa wima kwenye kigoda, kofia juu ya goti.

"Ningekuwa nakunywa," alisema mwishowe, "bado nisingevuta mrija huo. Nikivuta nimekiri. Mimi kazi yangu ni jina. Mtu akinifungulia nyumba yake, akaniachia mashine yake, ni kwa sababu ya jina. Nikikubali hapa leo kwamba mimi hubadilisha vifaa vya watu, nitafungua injini ya nani tena?"

Ndipo akanigeukia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha baba na kikombe cha maji.

"Kijana, una neno la kusema?"

Hakusema zaidi. Angeweza kusema mengi mbele ya wale wazee, angeweza kunibana kwa maswali ya mchanga na majivu hadi nianguke. Deo alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, na mhimili wa baiskeli yake kule kwao ulikuwa umelowa ile oili, ushahidi wote. Alinitazama, nami nikamtazama, na wote wawili tukatazama chini. Baba aliweka mkono wake juu ya bega langu. Mkono ulikuwa mzito na wenye joto. Alikuwa hajaniwekea mkono vile tangu nikumbuke.

"Sina," nikasema.

Wazee waliamua kwamba sanduku la spana libaki kwetu mpaka slivu irudi. Fundi Idi hakubishana. Alilileta mwenyewe kutoka chumbani, akaliweka miguuni pa baba. Kisha akamfuata mama jikoni, akamshukuru kwa chakula, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Mikono yake haikuwa na la kushika, alikuwa akiibadilisha badilisha, mara nyuma, mara mfukoni. Mimi nilijiambia kwamba ni mtu mzima, atanunua spana nyingine. Nilidhani watu wazima hununua tu vitu.

Baba alileta fundi mwingine. Huyo hakuuliza maswali. Alitia ringi mpya ndani ya slivu ileile, akawasha. Siku mbili tatu mlio ulivuka bonde kama zamani. Kisha moshi ukarudi, mzito kuliko wa kwanza, oili ikawa inamalizika kila siku, na ule mchanga ulioanguka chini nilipokuwa nikisugua ukala vyuma vya tumboni mwa injini. Injini ilisimama asubuhi moja mbele ya wanawake kumi wenye mizigo, haikuwaka tena. Wale wanawake walijitwisha wakaondoka, mmoja mmoja. Jina la Bwana Mashine lilibaki, lakini sasa lilitamkwa kwa kucheka. Baba alirudi kwenye migomba, na kila alipochoka alimlaani Fundi Idi, na kila mgeni aliyepita alisimuliwa habari za mwizi wa Nyakahura aliyebadilisha silinda. Wageni walikwenda nazo. Maneno ya aina hiyo yana miguu.

Mama aliniuliza mara moja tu. Alikuwa akisugua sufuria, nami nikampitia. Alisema bila kuinua kichwa, "Siku ile nilipokwenda kwa dada, nilikuta majivu yangu yamepungua na kanga yangu inanuka samli." Nilisimama. Alingoja kidogo, kisha akamwaga maji. Hakurudia tena hadi anaingia kaburini, na sijui kama alinihurumia mimi au alimhurumia baba, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa anatembea na mwanawe kanisani akiwa ameshika mkono wake.

Hilo ndilo nililolinunua. Baba alinipenda kuanzia siku ile. Alinipeleka sekondari kwa kuuza ng'ombe wa mwisho, kwa sababu, alikuwa akiwaambia watu, huyu ni mtoto wa kweli.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi ya ukarani wa ushirika. Nilikuwa na mke na watoto wawili siku niliposhuka kwenye basi Nyakahura nikiwa nimekusudia kumtafuta. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Sikuhitaji kuuliza sana. Mwenye duka aliniambia, "Idi yupi? Yule wa silinda? Yuko pale sokoni, anauza karanga." Nikamuuliza kama bado anatengeneza injini. Akacheka. "Nani ampe injini?"

Alikuwa ameketi chini kwenye turubai, karanga mbele yake katika mafungu, ndevu zimekuwa nyeupe. Nilisimama mbele yake nikiwa nimevaa suruali ya kazini na kalamu mfukoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu karanga. Za juzi tu, hazina ukungu."

Nilichuchumaa. Nikachukua karanga moja, nikaivunja, nikaitafuna. Maneno niliyoyapanga yalikuwepo, yote, kwa utaratibu wake. Akanitazama usoni kwa makini kidogo, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Sura hii kama naijua," alisema. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

Sikuwa tena mtoto wa darasa la sita. Hakukuwa na mkono wa baba begani wala wazee na mtungi. Tulikuwa wawili tu, na barabara, na yeye alikuwa ameniuliza swali rahisi.

"Bisibo," nikasema, kijiji ambacho sijawahi kukikanyaga.

"Bisibo!" Uso wake ukafunguka. "Kumbe mtu wa nyumbani. Mama yangu kazaliwa Bisibo." Akanifungia karanga nilizonunua kwenye gazeti. Kisha akaingiza kiganja kwenye gunia, akaniongezea kiganja kizima, na kingine juu yake, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kwao. Nilizipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikarudi kwenye basi.